Honda CG125 ya zamani ikianza kumisi: kabla hujagusa kabureta

Pikipiki ya zamani ikianza kumisi, yaani kukatakata na kutowaka sawasawa, hukumu hutolewa kabla fundi hajainama: kabureta. Bisibisi inatoka mfukoni, skrubu ya kabureta inazungushwa kushoto, kisha kulia, injini inapigwa resi, na mwenye pikipiki anaondoka akiamini kazi imekwisha. Siku mbili tatu baadaye tatizo liko palepale, ila sasa yamekuwa mawili, maana ile skrubu haipo tena pale ilipokuwa. Sisemi kabureta haikosei. Ila kwenye injini ya miaka thelathini au arobaini kuna vitu vingi vinavyoweza kutoa dalili zilezile, na vingine havina uhusiano wowote na petroli.

Mfano wangu ni Honda CG125, na siuchagui kwa mapenzi tu. Honda iliileta katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mzigo kuliko uwezo wake na oili hubadilishwa siku mtu akikumbuka. Badala ya kamu (mhimili unaofungua valvu) ya juu inayozungushwa na mnyororo, wahandisi waliishusha kamu chini, ikawa inazungushwa na gia na kusukuma valvu kwa fimbo mbili ndefu. Kamu yenyewe ina pembe moja tu inayohudumia valvu zote mbili. Silinda moja, ujazo wa sentimita mchemraba 124, kipenyo cha pistoni milimita 56.5, mwendo wake milimita 49.5. Brazil walianza kuiunda Manaus mwaka 1976, na Pakistan iliendelea kuuzwa mpya miongo kadhaa baada ya Wajapani kuhamia mambo mengine. Wachina nao waliichukua injini hiyo wakaitoa kwa majina chungu nzima, ndiyo maana bodaboda wengi wa huku kwetu wanaikalia bila kuijua. Yafuatayo yanazifaa hizo pia, ingawa vipimo utavitafuta kwenye kitabu cha pikipiki yako.

Injini ya petroli inadai vitu vitatu: mchanganyiko sahihi wa hewa na mafuta, cheche yenye nguvu inayokuja kwa wakati wake, na kompresheni. Kimoja kikilegea, inamisi. Kwa hiyo swali la kwanza si "inamisi kwa nini", ni "inamisi lini". Inasumbua ikiwa baridi halafu inatulia ikichemka, au ni kinyume chake? Inazima kwenye sailensa (mngurumo wa chini ukiwa hujavuta mafuta) lakini ikiwa barabarani iko sawa? Inakohoa ukivuta mafuta nusu, au inagoma ukivuta hadi mwisho? Tena sikiliza jinsi inavyokata. Hitilafu ya umeme mara nyingi hukata ghafla na kurudi ghafla, hata mshale wa mzunguko wa injini, kama unao, unaweza kurukaruka. Hitilafu ya mafuta huja taratibu: nguvu inapungua, pikipiki inalegea, inavuta kidogo tena, kisha inazima. Mwenye pikipiki akijibu maswali haya vizuri, nusu ya kazi imeshafanyika bila spana kutoka kwenye boksi.

Tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya valvu na roka (mkono unaoisukuma), ndizo zinazotangulia, kwa sababu ambayo wengi huiruka. Kabureta ikisetiwa juu ya valvu zisizofunga vizuri, imesetiwa kuufuata ugonjwa. Ukija kuutibu ugonjwa wenyewe, unaanza upya.

Kwenye CG125 nafasi ya tapeti ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, na hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Baridi kabisa maana yake ni asubuhi, pikipiki ikiwa imelala, siyo baada ya kunywa chai. Pistoni iwe juu kabisa kwenye mpigo wa kompresheni, alama ya T kwenye magneti ikiwa imelingana na alama ya kwenye kava. Ukishika roka zote mbili na kuzitikisa kwa vidole, zote ziwe na mchezo mdogo. Moja ikiwa imekaza na nyingine imelegea, huenda uko kwenye mpigo mwingine, kwa hiyo zungusha injini duru moja zaidi uangalie tena. Karatasi ya fila (kipande chembamba cha chuma cha kupimia nafasi) ya 0.08 ipite kwa kusuasua, ile ya 0.10 ikatae.

Jambo linalowapotosha wengi ni kelele. Tapeti iliyolegea inapiga taktaktak na kumkera kila mtu, basi inakazwa mpaka inyamaze. Wakati huo tapeti ya kuogopwa ni ile iliyokwisha kunyamaza yenyewe. Kadiri kiti cha valvu kinavyolika, valvu inazama kichwani na nafasi inapungua. Injini ikichemka, chuma kinatanuka, nafasi inaisha kabisa, na valvu haifungi tena. Hapo utaambiwa: "Asubuhi inawaka kiki moja, ikichemka inakosa sailensa na haiwaki mpaka ipoe." Kabureta itafunguliwa mara kadhaa kwa dalili hiyo. Valvu ya ekzosi ndiyo huumia kwanza, maana inapoza kichwa chake kwa kukigusisha kwenye kiti. Isipogusa, inaungua kingo.

Kama tapeti ziko sawa na bado una shaka na kompresheni, tafuta geji. Kidole gumba kwenye tundu la plagi kitakuambia kama ipo au haipo, hakiwezi kukuambia kama inatosha. Fungua mkono wa mafuta wote, piga kiki mpaka mshale usipande zaidi, andika namba. Kisha mimina oili kijiko kimoja cha chai kwenye tundu la plagi, rudia. Namba ikipanda sana, ringi au silinda vimechoka, kwa sababu oili imeziba kwa muda mahali ringi zinapovujisha. Isipopanda, tazama valvu au gasketi ya kichwa. Kipimo hiki kinachukua dakika chache, na bado watu hushusha injini nzima kubadili ringi ambazo hazikuwa na kosa.

Sasa umeme. Hapa ndipo hukumu nyingi za kabureta hukatiwa rufaa.

CG za mwanzo zilikuwa na platini na umeme wa volti 6. Za baadaye zikaja na CDI (kisanduku cha elektroniki kinachofanya kazi ya platini) na volti 12. Platini ni nyuso mbili ndogo za chuma zinazofunguka na kufunga kila mzunguko, na kila zikifunguka koili inatoa cheche. Nafasi yake ni kati ya milimita 0.3 na 0.4. Kila uso wake unapolika, au kile kipande cha plastiki kinachoegemea kamu kikipungua, nafasi inabadilika, na nafasi ikibadilika muda wa cheche nao unahama. Ndiyo maana kuseti platini bila kuangalia alama ya F (ya wakati wa cheche) kwenye magneti ni nusu ya kazi. Platini zianze kufunguka alama ya F inapofika mahali pake. Zikiwa na makovu na rangi ya kijivu iliyoungua, kondensa nayo ni ya kushukiwa, kwa sababu kazi yake mojawapo ni kuzuia cheche isiruke hapo kwenye platini. Baada ya kuzisugua kwa msasa laini, pitisha kipande cha karatasi ngumu isiyo na mafuta katikati yake. Punje moja ya msasa au alama ya grisi ya kidole inatosha kuifanya injini igome, nawe ukajiona umeharibu kilichokuwa kizima.

Plagi ni rahisi kubadili, na kwa sababu hiyohiyo inaaminiwa kupita kiasi. CG125 hutumia plagi ya uzi wa milimita 12, D8EA kwa namba za NGK, mwanya wake milimita 0.6 hadi 0.7. Mpya si lazima iwe nzima. Sokoni kuna plagi bandia zenye maandishi mazuri kuliko ya plagi halisi, na nyingine hufa zikilowa petroli mara moja tu. Weka akiba plagi moja unayoijua, iliyokwisha kufanya kazi, uitumie kupimia.

Na kipimo chenyewe kina mtego. Tumezoea kuitoa plagi, kuiegemeza kwenye kichwa cha injini, kupiga kiki na kusema, "Moto upo." Upo, ndiyo, lakini nje ya silinda. Ndani, hewa imebanwa, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuvuka mwanya uleule. Koili iliyochoka itarusha cheche hafifu ya rangi ya chungwa hapo nje, halafu ishindwe kabisa ndani ukivuta mafuta kupanda mlima. Unayoitaka ni ya buluu, nene, yenye sauti. Plagi iguse chuma vizuri unapopima, kwa sababu CDI ikirusha umeme usio na pa kwenda inaweza kuungua. Na tundu la plagi liwe mbali na cheche, maana linatoa mvuke wa petroli.

Kati ya koili na plagi kuna kofia ya plagi, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwa sababu karibu hakuna anayeitazama. Ndani yake kuna kipingamizi, mara nyingi cha kilo-om 5. Kinazeeka, kinapasuka, na umeme unaanza kuruka ufa badala ya kupita. Inaisumbua injini leo, kesho haisumbui, mvua ikinyesha inakufa. Pima kwa mita: ikionyesha kilo-om 20, au namba ikicheza unapoitikisa kofia, itupe. Unapoitoa utaona haikuchomekwa, imepigwa kama skrubu kwenye waya. Mwisho wa waya huo, mahali skrubu ilipoingia kwa miaka yote hiyo, nyuzi za shaba zimekuwa za kijani au nyeusi na zinavunjika ukizigusa. Kata milimita tano au sita mpaka uone shaba inayong'aa, kisha zungushia kofia mpya kwa nguvu. Ni kazi ya kisu na dakika mbili. Ukitaka kujua kama waya unavujisha, subiri giza, washa injini, nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya ukungu. Mahali umeme unapotorokea utapaona kwa macho.

Waya wa bodi, unaorudisha umeme kwenye fremu, nao usisahaulike. Fremu iliyopakwa rangi upya kwa kuirembesha pikipiki mara nyingi huwa imepakwa hata pale bodi inapofungwa, na rangi haipitishi umeme. Swichi ya kuzimia injini, ile ya kwenye usukani, hukusanya vumbi na kutu. Hizi ni dakika tano za brashi na msasa.

Pikipiki ya CDI inayokata ikichemka, na tapeti zake ziko sawa, mara nyingi ina koili inayokatika kwa joto. Iwe ile ya juu au zile zilizo chini ya magneti, pima ikiwa ya moto, siyo kesho yake asubuhi. Ikipoa itakudanganya.

Tukija kwenye hewa, mashaka yawe juu ya shingo inayounganisha kabureta na kichwa cha injini. Kuna ringi ya mpira hapo, na baada ya miongo miwili inakuwa ngumu kama plastiki. Inavuta hewa isiyopita kwenye kabureta, mchanganyiko unakuwa na mafuta machache, na dalili yake ni ya wazi: ukipiga resi na kuachia, injini inabaki juu, inashuka kwa kusitasita, siku nyingine haishuki. Watu hupunguza skrubu ya sailensa, kisha asubuhi haiwaki. Injini ikiwa imewaka, paka oili kidogo kuzunguka kiungo hicho kwa brashi. Mngurumo ukibadilika, umepata. Wengine hupulizia dawa ya kusafishia kabureta, inafanya kazi, lakini inawaka moto, na ekzosi iko karibu. Mimi nabaki na oili. Milio ya risasi unapoachia mafuta kwenye mteremko ni jambo la karibu na hilo, ila upande wa pili: gasketi ya ekzosi inavujisha.

Filta ya hewa iwepo. Kuna imani kwamba pikipiki bila filta inapumua vizuri. Inapumua vumbi, na jeti za kabureta (vitundu vinavyopima petroli) zilichaguliwa filta ikiwa mahali pake.

Kama yote hayo yako sawa, sasa kabureta ina kesi ya kujibu. Na inajibu vizuri ukijua kwamba ndani yake kuna njia kadhaa za petroli, kila moja na zamu yake kufuatana na ulivyovuta mkono wa mafuta. Bandika utepe mweupe kwenye mkono huo, mwingine kwenye swichi iliyo kando yake, chora alama za kufunga kabisa, robo, nusu, robo tatu na mwisho. Utashangaa: mtu anayesema "nilivuta yote" mara nyingi alivuta nusu. Kisha endesha, uone inamisi kwenye alama ipi.

Kuanzia kufunga hadi sehemu ya nane ya kwanza, anayetawala ni jeti ndogo pamoja na skrubu yake. Kutoka hapo kuelekea robo, umbo la ukingo wa slaidi (kizibo kinachopanda ukivuta mafuta) lina sauti kubwa. Robo hadi robo tatu ni zamu ya sindano na tundu inamopita. Zaidi ya hapo ni jeti kubwa. Zamu hizi zinaingiliana, hazina mpaka mkali, lakini zinatosha kukuonyesha pa kuanzia. Pikipiki inayozima kwenye taa za barabarani na kukimbia vizuri Morogoro Road haina shida ya jeti kubwa, hata kama fundi ameshaitoa na kuibadili.

Jeti ndogo ndiyo mkosaji wa kawaida kwa pikipiki iliyokaa bila kuwashwa. Tundu lake liko chini ya nusu milimita, petroli ikikauka inaacha utomvu, basi imeziba. Itoe, iinue kuelekea jua, utazame ndani. Duara la mwanga liwe zima, lisilo na kingo zilizoliwa na ukoko. Usiingize waya wa chuma wala pini, maana jeti ni ya shaba ya njano, laini, na tundu likipanuliwa hairudi tena. Uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya mwembamba wa umeme unafaa, pamoja na dawa na upepo wa pampu. Njia zilizochimbwa ndani ya mwili wa kabureta nazo zipulizwe, maana jeti safi kwenye njia iliyoziba haisaidii.

Kuhusu ile skrubu maarufu: haizungushwi namna moja kwa kabureta zote. Ikiwa iko upande wa injini, mbele ya slaidi, kwa kawaida inapima mchanganyiko wenye petroli, na kuifungua kunaongeza mafuta. Ikiwa iko upande wa filta, inapima hewa, na kuifungua kunapunguza mafuta. Mafundi wawili wanaweza kubishana mchana kutwa kuhusu hili na wote wakawa sahihi, kila mmoja kwa pikipiki aliyojifunzia. Kabla hujaigusa, ifunge taratibu mpaka ikae huku ukihesabu mizunguko, uandike. Kisha irudishe ilipokuwa. Usiikaze, ncha yake ni nyembamba.

Sindano nayo ina kichekesho chake. Juu yake kuna mifereji na kipini kidogo. Ukipandisha kipini, sindano inashuka, na mafuta yanapungua. Na sindano huchoka: kwa miaka mingi inasugua tundu lake mpaka tundu linakuwa la yai, mafuta yanazidi katikati ya mkono, plagi inakuwa nyeusi, na hakuna kipini kitakachorekebisha hilo. Badilisha sindano na tundu lake kwa pamoja.

Plagi husomwa, ila siyo plagi ya pikipiki iliyotoka kusimama kwenye foleni. Ile itakuwa nyeusi kwa vyovyote. Endesha kwenye alama unayoishuku kwa kilomita moja au mbili, bana klachi, zima injini hapohapo, usimame kando uitoe. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi. Nyeupe kama chaki ni mafuta machache au joto. Unyevunyevu wa oili si kesi ya kabureta, rudi kwenye ringi na mipira ya valvu.

Kuna pia kosa linaloonekana la kabureta lakini liko juu yake. Pikipiki inakwenda vizuri, baada ya muda inalegea na kuzima, unasubiri, inawaka, inarudia. Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivuta ndani, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba, na petroli ilikuwa haishuki. Kama sivyo, chomoa mpira wa petroli uelekeze kwenye chupa: mkondo uwe wa mfululizo, usiwe wa matone. Matangi ya chuma ya zamani yana kutu, na chujio dogo ndani ya koki hujaa tope jekundu. Ukifungua skrubu ya bakuli la kabureta, pokea kinachotoka kwenye chombo cha kioo. Maji yatakaa chini, yamejitenga.

Petroli yenyewe je? Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuondoa faida ya mchanganyo. Mafuta ya taa hayavukizi kwa urahisi na okteni yake ni ndogo, kwa hiyo injini inakuwa ngumu kuwaka asubuhi na kugonga kwenye mlima. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi inakauka upesi, yenye mafuta ya taa inaacha doa la mafuta linalokaa. Kama ulijaza kwenye chupa za kando ya barabara juzi, na pikipiki imeanza kumisi jana, mwaga hiyo kabla hujafungua chochote.

Mwisho ni mwinuko, jambo ambalo watu wa pwani hawalifikirii mpaka wahame. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 18. Kabureta haijui kwamba umehama, inaendelea kumwaga petroli karibu ileile. Pikipiki iliyokuwa nzuri Temeke inafika Njombe inatoa moshi mweusi, plagi nyeusi, nguvu hamna. Sehemu ya upungufu huo wa nguvu haina dawa, kwa sababu hewa ni chache. Iliyobaki inatibiwa kwa jeti kubwa iliyopungua saizi moja au mbili, na pengine sindano kushushwa mfereji mmoja. Ile jeti ya zamani ifunge kwenye karatasi, iweke chini ya kiti. Ukiteremka nayo pwani bila kuirudisha, injini itakimbia na mafuta machache kwenye joto la Dar, na hapo kinachoungua ni pistoni.